Sori ina kamari, haina kasino

Sori, mji wa wavuvi kwenye ghuba ya Karungu, Ziwa Victoria, upande wa Kenya, hauna jumba la kasino. Kamari lakini ipo, na haihitaji jumba. Tangu huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 na kampuni za kubashiri matokeo ya mpira zikaingia sokoni miaka michache baadaye, mvuvi aliyeuza mbuta wake asubuhi anaweza kuweka mkeka wa kubashiri kabla nyavu hazijakauka, akiwa peke yake, kichwa kimeinamia simu. Wahubiri na wanasiasa wamelaani kamari hiyo kwa sababu inakula pesa. Ni kweli inazila, ila hilo si geni. Kamari imekula pesa za watu tangu enzi. Lililo geni ni kwamba inazila bila kuacha chochote mahali ilipozilia. Kwa kipimo hicho, kasino za kale za ufukweni, pamoja na uovu wao wote, zinatufaa kama somo.

Jengo la namna hiyo kwa kawaida lilikuwa na ukumbi wa muziki, sakafu ya dansi, mkahawa na baraza la kutazamia maji, na meza ya kamari ikiwa katika chumba kimojawapo. Monte Carlo, huko Monaco, ilifungua jumba lake la opera mwaka 1879, kazi ya Charles Garnier, msanifu yuleyule wa Opera ya Paris, na tangu 1911 kikundi cha dansi cha Sergei Diaghilev kilikuwa kikionyesha kazi mpya hapo. Kule Knokke, pwani ya Ubelgiji, René Magritte alibuni mwaka 1953 mchoro mkubwa unaouzunguka ukumbi wa kasino. Constanța, bandari ya Romania kwenye Bahari Nyeusi, ina kasino ya mwaka 1910 ambayo hadi leo ndiyo sura ya mji. Mfano unaonivutia zaidi ni wa Blackpool, Uingereza: jengo la mviringo la Joseph Emberton lililofunguliwa mwaka 1939 likiitwa kasino, ilhali halikujengwa kwa ajili ya kamari hata kidogo. Ukumbi, kumbe, uliweza kusimama pasipo meza.

Atakuja mtu aseme sanaa hiyo ilikuwa chambo tu. Sibishi. Watawala wa Monaco walijua vyema walichokuwa wakifuga, ndiyo maana raia wao wenyewe walikatazwa kucheza humo, huku faida ikiwaondolea kodi ya mapato mwaka 1869. Aliyefilisika alikuwa mgeni. Lakini chambo kile kilibaki baada ya samaki kuliwa: opera ingali inaimbwa, na mchoro wa Magritte ungali ukutani. Mkeka uliochanika simuni haujengi hata benchi. Na huku kwetu hesabu imepinduka, kwani anayeliwa ni mwenyeji na faida ndiyo inayosafiri.

Wala hatuna haja ya kwenda Monaco kutafuta namna ya kuifanya pesa ya starehe izae sanaa. Waluo wa pande hizi wanayo pakruok. Mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, yumo katikati ya wimbo, mtu anasimama, anatoa pesa, muziki unakatwa, naye anajisifu au anamsifu rafiki yake, shemeji yake, kijiji chake, mbele ya watu wote. Mwingine hakubali kupitwa, anatoa zaidi. Ni mashindano ya majivuno, na wapo wanaorudi nyumbani mifuko mitupu. Hata hivyo kila shilingi inaonekana ikitoka, mkewe mtu anaweza kuiona, na inaishia mkononi mwa msanii. Chini ya mpango wa aina hiyo muziki wa ziwani ulikua. Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyeufikisha mbali muziki wa benga, alizaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania, si mbali na Sori.

Watetezi wa kampuni za kubashiri watataja udhamini. Ni haki yao: SportPesa iliwahi kuzidhamini klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards. Ila mgogoro wa kodi na leseni ulipopamba moto mwaka 2019, udhamini ulifutwa na klabu zikabaki zikihangaika. Pesa inayokuja kwa hisani huondoka kwa barua moja. Hoja nzito zaidi dhidi ya kuwa na ukumbi wetu wenyewe ni kwamba mji wa omena, yaani dagaa, hauna uwezo wa kuujenga. Pengine. Lakini kalenda ya Sori inaudai. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka, mashua hupumzika, na vijana wenye pesa mkononi hukosa pa kwenda jioni. Uvuvi huo husimamishwa pia kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaane. Kamati za usimamizi wa fuo, BMU, tayari hukusanya ada na kutunza mabanda ya kupimia samaki. Banda la mchana linaweza kuwa jukwaa la usiku wa mbalamwezi: jukwaa la mbao, taa, mpiga fidla ya orutu, kundi la ngoma za ohangla, na kiingilio kidogo kinachogawanywa hadharani kati ya wanamuziki na BMU.