Kompyuta, Sabato na Jiko

Kijana wa Kiyahudi ashikaye dini huko Marekani, akitaka kusomea kompyuta, hupima chuo kwa mambo mawili: masomo na jiko. Je, kuna chakula cha kosheri, yaani halali kwao? Watapatikana watu wazima kumi wa kutimiza sala ya jamaa? Na mtihani ukiangukia Jumamosi, siku ya Sabato?

Chuo Kikuu cha Illinois kina historia katika yote mawili. Kompyuta yake, ILLIAC, ilianza kazi mwaka 1952. Hillel, jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi, ilizaliwa hapo mwaka 1923. Na ajabu ni hii: chama cha wanafunzi Waislamu wa Marekani na Kanada nacho kiliasisiwa chuoni humo humo, mwaka 1963. Nao walikuwa na maswali yao ya nyama na ya Ijumaa.