Wapi Itiwe Feni ya Kutolea Moshi Jikoni

Wanachama kadhaa wametuuliza wapi yafaa kutiwa feni ya kutolea moshi jikoni. Aghlabu watu huitia palipo karibu na swichi, au juu ya dirisha, kwa kuwa pameshatobolewa. Hizo ni pesa zilizotupwa. Feni iliyo pambizoni mwa dirisha lililo wazi huvuta hewa ya dirisha hilo hilo na kuirudisha nje, na moshi hubaki ulipo, machoni na vifuani mwa wanaopika.

Moshi wa moto hupanda. Basi feni na ikae juu, karibu na dari, upande ule lilipo jiko, na mlango wa kuingizia hewa uwe upande wa pili, ili hewa ipite chumba kizima kabla ya kutoka. Mwenye shaka awashe udi mlangoni, atazame moshi wake unaelekea wapi.

Kisha upepo. Kaskazi hutujia kutoka kaskazini mashariki, Disemba hata Machi. Na Kusi, kuanzia Aprili, hutoka kusini mashariki. Feni inayotolea upande wa mashariki hushindana na pepo zote mbili, na moshi hurudi ndani. Ukuta wa magharibi ndio bora. Lakini kwa sisi wakulima, ikiwa huko ndiko kwenye uwanja wa kuanikia, afadhali ukuta mwengine, na tundu la nje litiwe kifuniko kinachojifunga feni ikizimwa. Karafuu zilizo juu ya majamvi hushika harufu ya moshi, na mnunuzi ana pua. Wala msitolee darini au chini ya makuti: mafuta ya kukaangia huganda huko, na cheche moja yatosha.

Wenye majiko ya gesi wajue kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, feni ya juu haiifikii. Mkisikia harufu yake msiguse swichi yoyote, ya feni wala ya taa. Fungeni mtungi, fungueni milango, mtoke.

Mkaa nao una hewa ya sumu isiyo harufu wala moshi, na huua. Umeme ukikatika feni husimama, lakini mkaa huendelea kuwaka. Kwa hivyo dirisha la jikoni lisizibwe kwa kuwa feni imekuja.