Tari, Beki wa Olimpiki Nne

Nyuma ya mlango wangu hapa Wiyoni pameegemea gongo la hoki la mti wa mforsadi. Ncha yake imepinda, upande mmoja bapa, wa pili wa mviringo. Mpira hupigwa kwa upande bapa tu. Ukiugusa kwa mgongo wa gongo, refa anapuliza. Nilirudi nalo kutoka shule ya bweni huko bara, nilikocheza beki.

Juzi mtoto wa ndugu yangu alilishika akaniuliza, "Ami, hili si la kuchezea kwenye barafu?" Alikuwa amewaona Wakanada kwenye simu. Nikamwambia barafu yetu sisi ni ya samaki, na hoki yetu ni ya nyasini. Kisha nikamsimulia habari za Avtar Singh Sohal.

Wenzake walimwita Tari. Ni Kalasinga aliyezaliwa Nairobi mwaka 1938, akaichezea Kenya kuanzia 1957, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu, hadi 1972. Alikwenda Olimpiki nne: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico City 1968 na Munich 1972, tatu za mwisho akiwa nahodha. Zilihesabiwa mechi 167 za kimataifa, naye ni beki, mtu ambaye jina lake hutajwa zaidi siku anapokosea. Nimesimama pale, naijua kazi hiyo.

Tokyo, uhuru haujatimiza hata mwaka, Kenya ilishika nafasi ya sita. Mwaka 1971 likachezwa Kombe la Dunia la kwanza, mjini Barcelona. Uhispania ilitutoa nusu fainali kwa bao 1-0, India ikatunyima nafasi ya tatu kwa 2-1. Wa nne duniani! Wengi wa wachezaji hao walikuwa Makalasinga na Magoa, na inaniuma kwamba watoto wetu wanamjua Kipchoge Keino lakini Tari hawamjui.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1976 hoki ya Olimpiki ilihamia kwenye nyasi bandia, ambazo ni ghali mno, na Kenya ikasusia michezo hiyo pamoja na nchi nyingi za Afrika.

"Beki hufanya nini, Ami?"

Nikamsimamisha mchangani, baina ya vifuu viwili. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili aliuzuia, kwa upande bapa.