Eksirei Safi, Goti Bovu

Kijana ameteguka goti uwanjani Isiolo, au ameanguka na bodaboda kwenye barabara ya Moyale. Goti linafura ndani ya saa chache. Anapigwa eksirei, anaambiwa mifupa iko sawa, na baada ya wiki mbili amerudi mpirani. Jibu alilopewa ni la kweli, ila ni la mifupa tu. Gegedu, lile tabaka jeupe lenye utelezi linalofunika ncha za fupapaja na muundi na upande wa nyuma wa pia ya goti, halitokei kwenye eksirei. Tena goti linalofura upesi hivyo mara nyingi limejaa damu, maana yake kuna kitu kimechanika au kuvunjika humo ndani.

Gegedu lina unene wa milimita chache. Halina neva wala mishipa ya damu, na shida yote inaanzia hapo: likichubuka halisemi, likipasuka haliponi vizuri lenyewe. Maumivu anayoyasikia mgonjwa hutoka kwenye mfupa ulio chini yake na kwenye utando wa kiungo.

Kipimo cha MRI huliona gegedu kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji, kati ya asilimia 65 na 80. Sumaku, ambayo katika mashine nyingi ni ya tesla 1.5, hupanga protoni za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Mawimbi ya redio huzisukuma, na zinapotulia tena hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza picha. Katika picha ambazo mng'ao wa mafuta umezimwa, umajimaji wa goti hung'aa, gegedu huwa utepe wa kijivu, na mfupa huwa mweusi. Nikiona uzi mweupe umepenya utepe ule, najua umajimaji umeingia kwenye ufa. Nikiona wingu jeupe ndani ya mfupa, mfupa huo umepondeka. Ukano wa msalaba wa mbele ukikatika, mawingu huwa mawili mara nyingi: moja kwenye ncha ya fupapaja upande wa nje, jingine nyuma ya muundi upande huohuo. Hapo ndipo mifupa ilipogongana goti likijipinda, na gegedu la hapo ndilo ninalolikagua kwanza.

Wingu hilo linaweza kukaa miezi. Mkimbiaji David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa London 2012, aliyakosa mashindano ya dunia ya Moscow 2013 kwa sababu ya goti. Alirudi, na Rio 2016 akatwaa dhahabu tena.

MRI nayo hupitwa. Gegedu lililolegea bila kupasuka, au lenye mchubuko wa juujuu, huweza kuonekana zima, hasa kwenye mashine yenye sumaku dhaifu. Kamera inayoingizwa gotini bado huona zaidi. Kwa hiyo daktari alipime goti kwa mikono kwanza, kisha aandike kwenye fomu anachokitafuta. Nairobi ni karibu kilomita 280 kutoka Isiolo na kipimo ni ghali. Si kila goti linalouma linastahili safari. Linalonasa likakataa kukunjuka, linalolegea ghafla mtu akigeuka, lililofura upesi: hayo ndiyo ya kupeleka.

Kabla ya kuingia kwenye mashine, taja kila chuma kilichomo mwilini. Bangili huvuliwa, risasi haivuliki. Wizi wa mifugo umewaachia baadhi ya watu wa huku vipande vya risasi, na kipande chenye chuma kinaweza kusogezwa na sumaku. Wengine huona haya kulisema mbele ya ndugu, ndiyo maana mimi huuliza tena faragha. Tukiwa na shaka, eksirei ileile hutangulia kukitafuta.

Jeraha moja halingoji: gegedu lililobanduka pamoja na kijipande cha mfupa. Kikigunduliwa mapema, daktari wa upasuaji anaweza kukirudisha na kukishikiza mahali pake. Kikielea miezi, gegedu lake hulishwa na umajimaji wa goti, likanenepa na kubadilika umbo, na kijipande hakienei tena kwenye kidonda kilikotoka.