Fahamu: Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay

Reli ya kisasa inayopendekezwa kuunganisha bandari ya Mtwara na Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ina urefu wa takriban kilomita 1,000. Inatarajiwa kupita Songea, na matawi yake yaende Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma, wilayani Ludewa.

Kusini kuliwahi kuwa na reli. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Karanga zikashindwa, reli ikakosa mzigo, na mapema miaka ya 1960 ikang'olewa.

Safari hii mzigo upo. Makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, husafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara, safari ndefu inayopandisha gharama na kuichosha barabara. Ng'ambo ya ziwa iko Nkhata Bay ya Malawi, nchi isiyo na bahari, inayohitaji njia ya kupitishia mizigo yake. Ndiyo maana serikali inajenga bandari mpya Mbamba Bay.

Hata hivyo, matawi yanayotajwa zaidi ni ya Ludewa. Kwa maoni yangu, Ngaka nayo inastahili tawi lake, na Mbinga ipate stesheni yenye maghala ya kahawa. Mkulima wa Kimatengo wa Mbinga, anayelima kwa mashimo ya ngoro milimani, hatanufaika na treni inayompita bila kusimama. Madai hayo yafikishwe sasa, kabla michoro haijakamilika.