Msandali: mti usioishi bila jirani, mzigo usiovuka bila kibali

KIGALI

Ukiutazama juu juu, msandali wa Afrika Mashariki ni kichaka tu: mti mfupi, majani ya kijani, vitunda vyekundu vinavyogombewa na ndege. Nchini Rwanda huitwa umushikiri, na wengine huuita kabaruka. Thamani yake iko chini, kwenye kitako cha shina na mizizi, ambako mbao ina mafuta yanayotafutwa na watengenezaji wa manukato.

Huko huko chini kuna jambo ambalo wengi wanaoinunua mbao hiyo hawalijui. Mti huu, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, ni kimelea. Mizizi yake hutoa vinyonyeo vidogo vinavyoishika mizizi ya miti jirani, kama vile mgunga, na kufyonza maji na madini. Chakula kingine hujitengenezea wenyewe kwa majani yake na jua. Ni mpangaji anayejipikia, ila maji anachota kwa jirani.

Maisha ya namna hii ni ya kale. Ulimwenguni kuna aina zipatazo 4,500 za mimea ya maua iliyo vimelea, na tabia hiyo ilizuka mara 12 hivi, kila mara katika ukoo tofauti. Ukoo mkubwa wa misandali ni mmoja wa mikongwe zaidi. Ndani yake bado kuna miti inayojitegemea kabisa, ipo inayonyonya mizizi ya wenzake chini ya ardhi, na ipo iliyopanda juu ikawa inaota kwenye matawi ya miti mingine. Hatua hiyo ya kuhamia matawini ilitokea mara tano katika ukoo huo.

Msandali wa India unaosifika tangu zamani ni ndugu tu wa huu wetu. Uchunguzi wa vinasaba unaelekeza asili ya kundi lake Australia, na kutoka huko likasambaa hadi visiwa vya Pasifiki. Osyris una njia yake: unapatikana kusini mwa Ulaya, hushuka kupitia nyanda za Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, na upande wa Asia hufika India na China.

Msandali wa India ulipoadimika, wanunuzi waligeukia huku. Hapo ndipo ukimelea ulipogeuka kuwa hasara. Mti unaokatwa shina huweza kuchipua tena, lakini msandali hung'olewa na mizizi yake. Dume na jike ni miti tofauti, na wavunaji hulenga zaidi jike wakiamini lina mafuta mengi. Likiondoka, mbegu nazo zimeondoka. Kupanda upya si kazi rahisi pia, maana mche usiopata jirani wa kumnyonya hudumaa, na mingi hufa.

Kenya ilipiga marufuku uvunaji mwaka 2007. Mbao haikuacha kusafiri. Ilivushwa kwa magendo kwenda nchi jirani, na kutoka huko ikauzwa ng'ambo. Ikadhihirika kwamba nchi moja haiwezi kuulinda mti huu peke yake. Machi 2013, mjini Bangkok, misandali ya Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Uganda na Tanzania iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori walio hatarini kutoweka.

Kwa mfanyabiashara wa Rusumo, Gatuna au Kagitumba, maana yake ni hii. Soko la pamoja la Jumuiya limeondoa ushuru kwa bidhaa nyingi za wanachama, na mzigo mdogo wa hadi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili. Cheti hicho hakitoshi kwa msandali. CITES huhesabu kila nchi peke yake. Magogo, mizizi, vipande na mafuta ya jumla vinahitaji kibali cha kuuza nje kutoka nchi vilikotoka, na kibali hicho hutolewa tu pale mamlaka inaporidhika kwamba mti ulipatikana kihalali na kwamba kuuvuna hakutaumaliza porini.

Anayeletewa mbao yenye harufu nzuri kwa bei ya kuvutia ana haki ya kuuliza kibali kabla ya kutoa fedha. Mzigo usio na karatasi hiyo ukikamatwa, mvunaji aliyeung'oa mti anakuwa ameshalipwa na kuondoka zake. Hasara inabaki kwa aliyeushika mpakani, na kwa kilima kilichobaki na shimo mahali pa mti.