Unataka kutengeneza gemu lako mwenyewe? Chagua programu inayolingana na simu yako na mfuko wako

Jioni, katika kata ya Sombetini jijini Arusha, kama ilivyo Mbauda, Ngarenaro na kwingineko, vibanda vya gemu hujaa vijana. Wengi wanataka kucheza tu, wamfunge mwenzao mabao matatu kisha waende nyumbani. Lakini hakosekani mmoja anayeuliza: hiki kitu kinatengenezwaje, na je, mimi naweza kutengeneza changu?

Msikilizaji, jibu ni ndiyo. Siku hizi zipo programu za bure zinazomwezesha mtu ambaye hajawahi kusomea kompyuta kutengeneza gemu dogo kwa siku chache, na nyingine zinafanya kazi kwenye simu ya kawaida. Shida ni kuchagua. Kosa linalorudiwa na wanaoanza ni kupakua programu kubwa iliyosifiwa na mtu mtandaoni. Bando linaisha kabla haijashuka yote, au inashuka na simu inagoma. Kijana anaacha akiamini kwamba kazi hii ni ya watu wenye akili kumzidi, kumbe alishika tu chombo kisichomfaa.

Kosa la pili lina gharama zaidi: mzazi kukopa ili kununua kompyuta mpakato kabla mtoto hajatengeneza chochote. Makala hii inaeleza jinsi ya kuyaepuka yote mawili.

Programu ya gemu inafanya nini?

Fikiria mchezo wa bao. Kuna ubao wenye mashimo 32 na kete 64, lakini hivyo peke yake si mchezo. Mchezo ni kanuni: nani anaanza, kete zinatakwa vipi, lini unakula, lini umeshindwa. Gemu la simu liko hivyohivyo. Lina picha, sauti na kanuni.

Zamani, mtu aliyetaka kutengeneza gemu alilazimika kuandika kila kitu mwenyewe, hata jinsi picha inavyochorwa kwenye kioo. Siku hizi programu ya kutengenezea gemu inakuja na kazi hiyo imeshafanyika. Inajua kuonyesha picha, kucheza sauti na kutambua kwamba kidole kimegusa kioo. Kazi yako ni kuleta wazo na kuipa kanuni.

Tuseme unataka gemu la kifodi kinachotoka Sombetini kwenda Kilombero kikiokota abiria njiani. Kanuni zake za mwanzo ni hizi:

- Mchezaji akigusa upande wa kulia wa kioo, kifodi kiende kulia. Akigusa kushoto, kiende kushoto.
- Kifodi kikimgusa abiria, abiria apotee na alama ziongezeke kwa 1.
- Kifodi kikigonga shimo la barabarani, uhai upungue kwa 1.
- Uhai ukifika 0, gemu liishe.

Ukiweza kuandika mistari minne kama hiyo kwenye daftari, umeshaanza kutengeneza gemu. Kinachobaki ni kupata programu itakayozipokea kanuni zako.

Maswali manne kabla ya kupakua

Kwanza, je, inafanya kazi kwenye kifaa nilicho nacho sasa? Programu nzuri inayotaka kompyuta ya bei kubwa si nzuri kwako leo.

Pili, ikishapakuliwa, inaweza kutumika bila intaneti? Kwa aliye Ngaramtoni au Oldonyosambu, mahali ambapo bando ni hesabu ya kila siku, swali hili ni zito kuliko ubora wa picha.

Tatu, kazi yangu inahifadhiwa wapi, na naweza kuitoa? Zipo programu zinazohifadhi kila kitu kwenye akaunti ya mtandaoni. Ukisahau nywila au huduma ikifungwa, miezi yako imepotea.

Nne, masharti ya malipo yakoje? “Bure” ina maana nyingi. Nyingine ni bure kabisa. Nyingine ni bure mpaka utakapotaka kulitoa gemu lako, ndipo zinadai malipo.

Kama una simu tu

Kwa mwenye simu ya Android pekee, pa kuanzia ni Pocket Code. Imetokana na mradi wa Catrobat wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, nchini Austria, na ilitengenezwa kwa ajili ya simu tangu mwanzo. Huandiki maneno magumu. Unapanga matofali yenye maagizo, moja juu ya jingine: “ukiguswa”, “sogea hatua 10”, “cheza sauti”. Unaweza kupiga picha ya kifodi halisi au kuchora chako ukakiingiza. Unaweza pia kufanya kifodi kigeuke mchezaji anapoinamisha simu. Ni bure, na ukishaipakua unaweza kutengeneza gemu bila kuwa mtandaoni.

Chaguo la pili ni Twine, iliyoanzishwa na Mmarekani Chris Klimas mwaka 2009. Hii haitengenezi magari yanayokimbia, bali hadithi zenye njia panda. Unaandika: “Umefika sokoni, fedha haitoshi. Utakopa au utarudi nyumbani?” Msomaji anachagua, na hadithi inafuata alichochagua. Kwa mtu anayependa kusimulia, ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na maandishi yote yanaweza kuwa ya Kiswahili. Inafunguka kwenye kivinjari. Kioo cha simu kinabana kidogo, lakini inawezekana.

Twine ina mtego mmoja. Ukiitumia kwenye kivinjari, hadithi yako inahifadhiwa ndani ya kivinjari hichohicho. Siku utakayofuta data zake ili kupunguza mzigo kwenye simu, hadithi nayo inafutika. Kila unapomaliza kuandika, itoe kama faili na uitunze mahali pengine. Faili hilo ndilo gemu lenyewe: unaweza kumtumia rafiki kwa Bluetooth au WhatsApp, naye akalifungua kwenye kivinjari chake.

GDevelop nayo ina toleo la simu. Inatumia mtindo wa “ikiwa hivi, basi fanya vile”, unaofanana sana na kanuni za kifodi tulizoandika juu. Ina nguvu kuliko Pocket Code, lakini kwenye simu inategemea intaneti zaidi. Kwenye kompyuta inakaa ndani ya mashine na kufanya kazi bila mtandao.

Kama kuna kishikwambi au kompyuta

Kama unaweza kupata kishikwambi, kifaa kama kile walichobeba makarani wa Sensa ya 2022, au kompyuta ya shule, ya kituo cha vijana au ya jirani, jaribu Scratch. Ilitolewa mwaka 2007 na Media Lab ya chuo cha MIT nchini Marekani, hasa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16, ingawa watu wazima wengi wameanzia hapo. Inatumia matofali ya maagizo, na ina toleo la kompyuta linalofanya kazi bila intaneti.

Kuna jambo wengi hawalijui: Scratch ina Kiswahili. Fungua sehemu ya lugha, chagua Kiswahili, na matofali yanabadilika. Mtoto ambaye Kiingereza bado kinamsumbua hana haja ya kupambana na mambo mawili kwa wakati mmoja. Upungufu wake ni kwamba haifai kutengenezea gemu kwenye simu ndogo, na gemu la Scratch halitoki moja kwa moja kama programu ya Android ya kuweka sokoni. Ichukulie kama shule, si duka.

Ukishazoea kanuni na unataka kwenda mbali zaidi, iko Godot. Ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu mwaka 2014 mtu yeyote anaweza kuitumia, kuifungua na kuibadilisha bure. Faili lake ni dogo ukililinganisha na programu kubwa zinazodai GB kadhaa, na ukishalipata unaweza kulihamisha kwa flashi. Hapa utajifunza kuandika maagizo kwa maneno. Usianze nayo wiki ya kwanza, lakini ijue, maana gemu utakalouza kesho halitadaiwa fungu na wenye programu.

Kwa nini hilo ni muhimu? Septemba 2023, kampuni ya Unity, ambayo programu yake inatumiwa na watengenezaji wengi duniani, ilitangaza kwamba itaanza kuwatoza baadhi yao kwa kila mara gemu linapopakuliwa na kuwekwa kwenye kifaa. Zogo likawa kubwa, kampuni ikalegeza masharti, na Septemba 2024 ikaufuta mpango huo. Unity bado ni chombo chenye uwezo mkubwa. Lakini waliokuwa wamejenga kazi ya miaka juu yake walijifunza kwamba aliyepanga chumba hapangi kodi.

Aliyeanza na kidogo zaidi

Kama unadhani mambo haya ni ya watoto wa matajiri, msikilize Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita ya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mama yake kwamba anataka kompyuta, mama alidunduliza kwa miaka 3 mpaka akafikisha dola 300 za Marekani. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, hivyo kijana alikuwa akitembea saa 3 hadi kwenye kibanda cha intaneti.

Akajifundisha mwenyewe na kutengeneza Salaam, gemu la simu lenye maana ya amani. Mchezaji ni mkimbizi: anakimbia hatari, na njaa na kiu zinamlegeza. Mwaka 2018 alitunukiwa katika hafla ya The Game Awards nchini Marekani, ambako ameanzisha kampuni yake, Junub Games.

Mayen hakuiga gemu la mtu. Alitengeneza jambo alilolijua kuliko wengine, maisha ya anayekimbia. Wewe unayajua ya kwako: msongamano wa Kilombero siku ya soko, kuchunga mbuzi kwenye miteremko ya Mlima Meru, kugombea maji ya mfereji wakati wa kiangazi. Kampuni kubwa ya ng'ambo haiwezi kutengeneza gemu hilo vizuri kama wewe.

Jihadhari na haya

Pakua programu kutoka Play Store au tovuti ya wenye programu, si kwenye viungo vinavyozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Programu ya kutengeneza gemu inaweza kuomba kuona picha zako, maana unaziingiza kwenye mchezo. Lakini haina sababu ya kuomba kusoma ujumbe mfupi wala majina ya watu kwenye simu. Simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa zako. Ikiomba hayo, ifute.

Usitumie picha au muziki wa watu bila ruhusa. Wimbo wa msanii unayempenda unaweza kukuletea malalamiko siku gemu litakapopendwa. Rekodi sauti zako: honi, kondakta akiita abiria, ng'ombe. Zitapendeza zaidi.

Jua pia gharama za mwishoni. Kufungua akaunti ya kuweka programu Play Store ni dola 25 za Marekani, mara moja tu. Kwa akaunti mpya ya mtu binafsi, Google inataka kwanza gemu lijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Usilipe mapema. Tovuti ya itch.io inakuruhusu kuweka gemu lako bure, na marafiki wanaweza kulipata kwako kwa mkono.

Wiki ya kwanza ifanye hivi

Siku ya kwanza usiguse simu. Andika kanuni zisizozidi tano kwenye daftari. Siku ya pili pakua programu moja tu, Pocket Code kwa mwenye simu au Scratch kwa mwenye kompyuta. Siku ya tatu na ya nne fanya kitu kimoja kisogee na kimoja kiguswe. Siku ya tano ongeza alama. Siku ya sita mpe mdogo wako acheze, na usimweleze chochote: pale atakapokwama ndipo penye kazi. Siku ya saba rekebisha, kisha tunza nakala mbili katika sehemu mbili tofauti.

Na suala la kompyuta? Mzazi, subiri mpaka mtoto akuletee gemu moja lililokamilika, hata kama ni la dakika mbili. Likikamilika, utakuwa umejua kwamba hamu yake si ya msimu, naye atakuwa amejua anahitaji mashine ya namna gani. Fedha itakayotoka hapo itakuwa na mahali pa kwenda.